Acheni Kumrushia Ndege Mawe

Kumrushia yangeyange jiwe ili aruke upate picha ni ujinga, na mimi sitanyamaza kwa sababu eti anayefanya ni rafiki yangu. Kila wiki pale ziwani Nakivale nawaona vijana wetu: mmoja ameshika simu, mwingine ameokota jiwe. Wanasema bila jiwe ndege hasogei.

Anasogea, ndugu zangu. Nyinyi ndio hamtaki kungoja.

Kwanza, jiwe linaharibu hiyo picha yenyewe. Ndege aliyeshtuka anakukimbia wewe, kwa hiyo unabaki na mkia na miguu inayoning'inia. Pili, yule ndege alikuwa kazini. Anatembea kwenye maji mafupi kutafuta samaki na vyura, na kila ukimfukuza unamnyang'anya chakula. Sisi tunaopanga foleni ya posho tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko watu wengine.

Mwenye subira anajua mambo haya. Ndege mkubwa huruka akiukabili upepo. Basi upepo uwe mgongoni mwako, na jua la asubuhi pia. Akiinuka atakuja upande wako. Kabla hajaruka huinama mbele na kukunja miguu, na mara nyingi huachia kinyesi. Hapo ndipo kidole kiwe tayari. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, mabawa yatatulia. Akitaka mwendo uonekane, ashuke mpaka 1/60 na aizungushe kamera taratibu akimfuata ndege. Mwenye simu apige picha nyingi mfululizo, na apunguze mwangaza, maana manyoya meupe yakizidi mwanga yanatoka kama karatasi tupu.

Mtaniambia simu zetu ni za bei ndogo, haziwezi kuvuta mbali. Sawa. Basi kaa karibu na ng'ombe. Yangeyange huwafuata ng'ombe wapate wadudu wanaorushwa na kwato, na hawajali sana mtu aliyetulia hapo.

Sasa nyinyi wafanyakazi wa misaada, msicheke bado. Nanyi mna mawe yenu.

Nimeona mgeni mwenye kamera kubwa akimwambia mama aliyebeba bidoni ya maji: rudi nyuma, tembea tena, usicheke. Mama akarudi. Bidoni ile ina lita 20, na njia ina kilima. Hilo ni jiwe, hata kama limerushwa kwa sauti ya upole. Na picha iliyotoka ina uongo uleule: kiumbe aliyesumbuliwa, anaonyeshwa kama vile ndivyo alivyo siku zote.

Kuna jingine. Vijana wetu walipopeleka picha za ndege kwenye maonyesho ya shirika moja, waliambiwa hazifai, zinatakiwa picha za "maisha ya mkimbizi." Jamani! Kijana aliyekaa saa tatu kwenye matope akimngoja korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, hayo si maisha yake? Ziwa hili pamoja na Mburo liko tangu 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo ya maji na vinamasi yenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia imeona ndege hawa wana thamani. Kwa nini wakipigwa picha na mkimbizi thamani inaisha?

Najua mtasema wafadhili wanataka kuona shida. Shida ipo, hatuifichi. Lakini mfadhili anayehitaji mama apande kilima mara mbili ndipo aamini, huyo hasaidii, ananunua.

Mnamo 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, ikapiga picha 12 kwa sekunde za ndege angani. Ndege hawakuumia. Ilikuwa bunduki ya kujifunza tu. Kamera inaweza kuwa hivyo hata mikononi mwetu.

Basi naomba mambo matatu. Vijana, mawe yabaki chini. Wageni, ulizeni kwanza, kisha mngoje mtu aendelee na shughuli zake. Na mashirika, mnapotufundisha kamera, mtuachie sisi tuchague tutaielekeza wapi.