Tubadili Balbu, Tuheshimu Sadaka

Tangu mwaka 2018, mkoa wetu wa Ruvuma ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya Makambako hadi Songea, umeme umezidi kuwa sehemu ya maisha yetu, milimani Mbinga na mwambaoni Nyasa. Tunamshukuru Mungu. Lakini katika baadhi ya nyumba, na hata katika kumbi za vigango, bado zinawaka balbu za zamani za waya, zile zinazounguza kidole ukizigusa. Sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, si mwanga.

Tupige hesabu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula uniti moja na kitu. Nyumba yenye balbu nne huokoa uniti 30 kila mwezi.

Wapo wanaosema balbu hizi hufa upesi. Ni kweli, sokoni zipo za hovyo. Lakini mara nyingine tunaziua wenyewe. LED ina vifaa vya kielektroniki kwenye kitako chake, na joto ndilo adui yake; ukiifungia ndani ya kioo kisichopitisha hewa, haidumu. Tuangalie pia kitako, cha pini au cha kuzungusha, kifanane na holda. Na taa ya mezani iliyoandikwa mwisho wati 40 isitutishe, kwa kuwa wati 9 hazifiki hata robo ya kiwango hicho.

Zile taa za mirija iliyopindwa nazo hubana matumizi, lakini zina zebaki kidogo ndani. Zikiharibika tusizitupe korongoni, maana mvua itazisukuma kuelekea ziwani, tunakovua usipa. Parokia ziweke sanduku la kuzikusanya, kisha zitafute ushauri wa halmashauri.

Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 211, Papa Fransisko anataja kuzima taa zisizohitajika miongoni mwa matendo madogo ya kutunza uumbaji. Kwa hiyo balbu inayokula kidogo isiwe kisingizio cha kuiacha ikiwaka hadi asubuhi.

Tunapendekeza mabadiliko yaanzie kwetu: seminarini, nyumba za mapadre, makanisani. Uniti za parokia hununuliwa kwa sadaka, yaani shilingi za mkulima wa kahawa wa Umatengo na za mvuvi wa Mbamba Bay. Kuziteketeza kwa joto la balbu ni kudharau jasho lao. Waamini wakiona taa za ukumbi zimebadilishwa, na zinazimwa baada ya kikao, watatuelewa bila mahubiri marefu. Nasi tutakuwa na haki ya kuwaomba wafanye vivyo hivyo nyumbani.