Klei kwanza, polishi baadaye

Mteja akisema "piga polishi", kijana wa kuoshea magari huchota polishi na kuanza kusugua. Gari linang'aa, fedha inalipwa, na uchafu unabaki palepale chini ya mng'ao. Tunasema wazi: kazi hiyo imeanzia katikati.

Vumbi na matope hutoka kwa maji na sabuni. Visivyotoka ni vile vilivyong'ang'ania kwenye rangi: chembe za chuma za breki, matone ya lami, utomvu wa miti. Gari lililolala gereji, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, huongezewa cheche za kuchomelea na rangi iliyopulizwa kwenye gari la jirani. Ukitaka uhakika, osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi (wa mkate unafaa, maana rambo ni marufuku) upapase boneti. Ikikwaruza kama msasa, bado si wakati wa polishi. Ukiipiga hivyo hivyo, chembe zikibanduka zitaburutwa juu ya rangi na kuichora.

Hapo ndipo klei inapohitajika. Ni kibonge laini cha kiwandani, kilichobuniwa Japani, kinachonasa chembe hizo na kuzing'oa. Gari liwe kivulini, bodi ipoe. Nyunyiza maji ya shampoo ili klei iteleze, ipitishe kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, ikichafuka ikunje upate upande safi. Ikidondoka chini, itupe. Usituambie utaisuuza! Mchanga ukishazama humo hautoki, na tabaka angavu la juu ya rangi lina unene wa takriban mikroni 40 hadi 50 tu.

Klei haiondoi mikwaruzo, na huondoka na nta ya zamani, kwa hiyo polishi na nta mpya vifuate.

Wenye vituo watalalamika kwamba klei ni ghali na inakula muda. Sawa, lakini gari halihitaji zaidi ya mara moja au mbili kwa mwaka. Waiandike bei yake ubaoni, kando ya bei ya kuosha, mteja achague akijua analipia nini. Gari ambalo tabaka la juu limeshaanza kubanduka wasiliguse kwa klei. Hilo wampelekee fundi rangi.