Jua la nyumbani si dawa ya sonona

1/9
Mama wenzangu mlioko Uingereza na kwingineko Ulaya, poleni na baridi. Novemba ikiingia tu, kuna ushauri unaanza kuzunguka kwenye magrupu yetu: "Dada, huo ni msongo tu. Kata tiketi, nenda nyumbani wiki tatu ukapigwe na jua, utarudi mzima." Mimi ni nesi na nitasema wazi, atakayenuna anune. Kwa mama mwenye sonona, huo ni ushauri mbaya. Unamchelewesha kupata matibabu, halafu unamwachia deni. Soma mpaka mwisho ndipo uje kunisema.

2/9
Tuanze na ukweli uliomo humo, maana upo. Desemba hapa London jua linachomoza kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Sisi tuliozoea saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima lazima tuumie. Kuna sonona inayokuja na majira ya baridi, na daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, aliielezea kitaalamu na wenzake mwaka 1984. Dalili zake: usingizi usioisha, hamu ya wanga, mwili mzito, kujitenga na watu. Mtu wa namna hii akienda kwenye jua anaweza kweli kupata nafuu. Lakini akirudi Januari, giza analikuta palepale alipoliacha.

3/9
Sasa niambieni: kama jua linatibu sonona, Mombasa na Dar wangekuwa hawaijui, sivyo? Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye nchi zinazoendelea inakaribia asilimia 20. Hizo ni pamoja na nchi zetu, zenye jua la kukausha mihogo. Mama wa Tandale analia usiku akiwa na mtoto mchanga, na asubuhi jua linamwakia utosini. Sonona ya uzazi inachangiwa na mambo mengi: kukosa usingizi, upweke, ugomvi wa ndani, shida ya pesa, historia ya ugonjwa huohuo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondolewa na fukwe za Nungwi.

4/9
Na likizo yenyewe? Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima 1,530, wengine waliosafiri na wengine waliobaki. Wasafiri walikuwa na furaha zaidi KABLA ya safari, wakati wa kuisubiri. Baada ya kurudi, wengi hawakuwa na tofauti na waliobaki nyumbani. Waliobaki na unafuu kidogo ni wale tu waliopumzika sana safarini, nao haukudumu wiki nyingi.

Waliopumzika sana. Shikeni hapo.

5/9
Maana wewe, mama, ulipumzika lini Desemba iliyopita? Ulianza kununua zawadi Septemba. Ukapima mabegi ya kilo 23 mpaka mgongo ukauma. Ukafika, kila siku mgeni, kila siku msiba au harusi ya kuchangia. Mtoto kaharisha, mwingine kang'atwa na mbu hadi kavimba uso. Shangazi kakuambia umenenepa, wifi kauliza kwa nini watoto hawajui Kiswahili. Ukatabasamu kwenye picha. Ukarudi na mkopo wa kulipa mpaka Agosti na shifti za ziada za kuulipa. Hiyo ni ziara ya kikazi, jamani. Mwenye afya anaivumilia na hata kuifurahia. Mgonjwa inammaliza.

6/9
Hapa naomba umakini, ni usalama. Kuna kina mama wanaacha dawa za sonona wiki moja kabla ya safari kwa sababu "nyumbani sitazihitaji", au wanaogopa mama mkwe ataziona. Usiache ghafla. Utapata kizunguzungu, wasiwasi, usingizi kuvurugika, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mbali na daktari wako. Zibebe kwenye begi la mkononi pamoja na nakala ya maelezo ya daktari.

Pia kinga ya malaria. Dawa iitwayo mefloquine, inayomezwa mara moja kwa wiki, inaweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na sonona. Haitakiwi kutumiwa kama kinga na mtu aliyewahi kuugua sonona. Mwambie ukweli mfamasia au daktari, zipo nyingine. Ila usiende bila kinga kwa kusema "mimi mzaliwa wa huko". Ile kinga ya mwili uliyokua nayo hupungua ukikaa Ulaya, na watoto wako waliozaliwa huku hawana kabisa.

7/9
"Lakini dada nesi, mimi nikienda nyumbani najisikia vizuri kweli!" Nakuamini. Ila angalia vizuri kinachokuponya. Nyumbani bibi anamchukua mtoto alfajiri ukalala. Mtu anakupikia uji. Unaongea mpaka unacheka. Ni mikono ya watu, mama. Sifa zote tumelipa jua.

Zimbabwe wameonyesha hili. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo mazito, kisha kutafuta naye njia. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona zilipungua sana kwa waliopata huduma hiyo. Jua la Harare lilikuwepo siku zote. Kilichoongezeka ni bibi na benchi.

8/9
Kwa hiyo fanya hivi:

– Kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida. Ikipita wiki mbili, mwone daktari wa familia au nesi anayekutembelea. Watakupa dodoso la maswali 10. Jibu kwa ukweli, hasa la mwisho, la kujidhuru.
– Toka nje kila siku mchana hata kukiwa na mawingu. Mwanga wa nje unazidi sana ule wa sebuleni.
– Vitamini D maikrogramu 10 kwa siku inashauriwa hapa Uingereza, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuimeza mwaka mzima. Ni ya mifupa na misuli. Si dawa ya sonona.
– Ukisikia sauti, ukikesha siku kadhaa bila hata kuhitaji usingizi, au ukiwaza kujiua au kumdhuru mtoto, usingoje tiketi. Piga 999. Kwa ushauri wa haraka England, piga 111 uchague afya ya akili.

9/9
Akina baba, na nyie mnasoma, najua. Kabla ya kutafuta pauni elfu kadhaa za tiketi, amka wewe saa nane usiku umpe mtoto chupa. Mashoga, acheni kutuma "pole dear" na emoji. Nendeni na sufuria ya wali, shikeni mtoto saa mbili, mama alale.

Na wewe uliyepona au unayeendelea na matibabu, ukitaka kwenda nyumbani, nenda kwa raha zako. Salimia wote, kula embe za Desemba. Nenda kutembea, usiende kutafuta tiba.

Sehemu ijayo: namna ya kumwambia mama mkwe kwamba unatumia dawa. Mtumie post hii yule dada aliyenyamaza kwenye grupu.