Anayekupangia Kazi Ndiye Mwajiri Wako

Desemba 2024, akizungumza na wananchi, Rais William Ruto wa Kenya alijisifu kwamba sheria inabadilishwa ili wanaoleta kazi za kidijitali wasiburutwe tena mahakamani. Muswada uliokuwa Seneti mwaka huohuo ulitaka madai ya wafanyakazi wa kazi hizo yabebwe na kampuni ya wakala iliyowaandika, si kampuni kubwa ya ng'ambo inayomtumia wakala huyo. Facebook ipate kazi, wakala apate kesi. Huo ni uamuzi mbaya, na sisi wa huku Kimuli, mkoani Kagera, Tanzania, hatuna sababu ya kuuona kama ugomvi wa jirani. Serikali zetu huigana haraka, na vijana wa Kyerwa na Karagwe waliomaliza vyuo wakarudi kuchuma kahawa za wazazi wao ndio watakaofuatwa kesho kwa kazi hizohizo.

Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama jijini Nairobi ilikuwa ikiichujia Facebook maudhui kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara, yakiwamo ya Kiswahili. Mchujaji hukaa mbele ya kioo. Video inafunguka, mtu anachinjwa. Ana chini ya dakika moja kuamua ibaki au ifutwe, kisha inakuja nyingine, na nyingine, hadi zamu iishe. Akirudi nyumbani hana ruhusa ya kusimulia alichokiona, kwa kuwa alisaini kutunza siri. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefukuzwa baada ya kuwahamasisha wenzake kudai haki, alifungua kesi Mei 2022. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, watu wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zinakwisha, na zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Dk. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wachujaji waliofungua kesi na kukuta zaidi ya 140 wana maradhi ya kiwewe.

Faida zipo, tuziseme. Mshahara unakuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana anazoea kompyuta, anapata la kuandika kwenye wasifu wake, na kwao anatajwa kwa fahari. Wapo pia wanaoonya kwamba tukiwabana wawekezaji watahama. Ni kweli, wanahama. Kazi hiyo imekwishafika Accra, na mwaka 2025 wachujaji wa Ghana nao walianza kujiandaa kwenda mahakamani kwa malalamiko yaleyale. Mwekezaji anayekimbia kila mahali anapoulizwa habari za afya ya wafanyakazi wake ataendelea kukimbia hata tukimlegezea vipi.

Swali la msingi ni moja tu: mwajiri ni nani? Meta, yenye Facebook, ilijitetea kwamba haijasajiliwa Kenya na haikumwajiri yeyote kati ya watu hao. Kwenye karatasi ni kweli, mikataba ilikuwa ya Sama. Lakini tuiweke karatasi pembeni tuiangalie kazi. Kanuni za nini kifutwe na nini kibaki ziliandikwa na Meta. Programu ambayo mchujaji aliifungua asubuhi na kuifunga jioni ilikuwa ya Meta. Kilichochujwa kilikuwa mali ya Meta, na aliyenufaika na usafi wake ni Meta. Sama ilitoa chumba, viti na msimamizi. Ndiyo maana Juni 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Nairobi, katika uamuzi wa awali, iliiona Meta kuwa ndiye mwajiri hasa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Majaji waliangalia nani anaamuru. Ndipo wanasiasa wakaja na muswada.

Hapa kwetu Tanzania sheria imekwishalijibu swali hilo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba wake uandikwe vyovyote, ikiwa kuna hata kigezo kimoja kati ya kadhaa: namna anavyofanya kazi inadhibitiwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vitendea kazi, anamtegemea huyo kwa riziki yake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Kigezo kimoja kinatosha, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mchujaji wa Nairobi angevitimiza karibu vyote.

Wakibanwa hapo, watetezi wa kampuni hukimbilia neno la mwisho: alisaini mwenyewe. Mtu wa Kagera hapaswi kudanganywa na hoja hiyo. Mkulima wa butura naye hukubali mwenyewe. Mnunuzi humfuata kahawa ikiwa ua, ada ya mtoto inadaiwa, akalipa bei ya kutupa na kusubiri mavuno. Serikali imeipiga marufuku butura bila kujali kwamba mkulima alitia dole gumba, kwa sababu ridhaa ya mwenye shida haihalalishi dhuluma. Mwaka 2023 jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba katika mkataba mwingine wa Sama, wa kuainisha data za OpenAI, mteja alikubali kulipa dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi wa Nairobi akabakiwa na kati ya dola 1.32 na 2. Ukiona mgawo huo bado ukahubiri ridhaa, huna tena unachokitetea isipokuwa mgawo wenyewe.

Nairobi hiyohiyo Microsoft ilifungua kituo chake cha wahandisi mwaka 2019. Wahandisi hao wamo kwenye vitabu vya kampuni, na hakuna aliyesema kwamba kuwaandika kutaifukuza Microsoft. Kumbe mwekezaji anaweza kuajiri mwenyewe. Anachochagua ni nani amtambue: anayeandika programu anatambuliwa, anayefagia damu inayopita ndani yake anaachiwa wakala.

Wabunge wetu, waziri wa kazi akiwaletea siku moja muswada wa kuvutia ajira za kidijitali, wauulize kwanza kinachotokea kwa kifungu cha 61. Ukikigusa, waukatae. Na kijana wa Kimuli atakayeitiwa kazi hiyo asiishie kuuliza mshahara. Aulize akiugua atamshtaki nani, na jina hilo alione kwenye mkataba kabla hajashika kalamu.