Ardhi Kwanza, Mnara Baadaye

Oxford, Uingereza

Ndugu zangu wa Taru, Samburu, Mackinnon Road na vijiji vyote mpaka Kilibasi,

Kazi yangu ya kuuguza wagonjwa inaendelea, na baridi ya huku nimeizoea kiasi mtu wa Taru anavyoweza kuizoea. Nimekaa kuandika kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani, maneno ya kugawana ardhi ya ranchi yetu ya pamoja hayakosi. Kila mwanahisa ataka kipande chake na hati yake. Sina ubaya na hati. Lakini kabla hamjakata, nataka niwaeleze niliyoyaona katika mji huu ninaoishi, maana mji huu umejengwa na watu waliokataa kugawana.

Nianze na jengo moja. Mtu akishuka garimoshi Oxford na kutembea kuelekea katikati ya mji, mnara wa kwanza mkubwa anaoukuta ni wa chuo kiitwacho Nuffield. Ni mnara wa mraba wa mawe, una urefu wa mita 46 hivi, madirisha yake madogo yamepangwa safu kwa safu, na juu kabisa pana ncha nyembamba kama mkuki. Chini yake pana nyua mbili zilizozungukwa na majengo yenye mapaa ya mwinuko, na ua wa chini una bwawa refu jembamba. Mgeni akiangalia atasema hili ni jengo la zama za wafalme wa upanga na farasi. Sivyo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1949 na ujenzi ukamalizika 1960. Hapo Taru wapo wazee walioanza kuchunga mbuzi kabla ya mnara huo kuwepo. Na ndani ya mnara hakuna kengele ya kanisa wala silaha. Ghorofa kwa ghorofa, mmejaa vitabu.

Aliyetoa mali ni William Morris, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Nuffield. Aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza kwa kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake hapa Oxford, akaishia kuwa mwenye kiwanda kikubwa cha magari mtaani Cowley. Wazee wetu wanaokumbuka Morris Minor zikipita barabara ya Mombasa, basi ni huyo. Mwaka 1937 alikipa Chuo Kikuu cha Oxford kiwanja palipokuwa na bandari ndogo ya mfereji, mahali pa kupakulia makaa ya mawe, pamoja na pauni 900,000. Yeye mwenyewe alitaka chuo cha uhandisi. Wakuu wa Chuo Kikuu wakamshawishi kiwe cha elimu ya jamii: siasa, uchumi, utawala. Akakubali, nasikia kwa shingo upande. Kikawa chuo cha kwanza hapa kupokea wanawake na wanaume pamoja, na cha kwanza kuwa cha wanafunzi wa shahada za juu peke yao.

Sasa sikilizeni habari ya ramani. Msanifu aliyepewa kazi, Austen Harrison, alikuwa amefanya kazi miaka mingi Palestina, na huko Jerusalem alijenga jumba la makumbusho lenye ua wa ndani na bwawa katikati. Ramani ya kwanza aliyoileta Oxford ilikuwa na harufu ya nchi za Mediterania na za Waarabu. Lord Nuffield alipoiona alikasirika. Alisema si ya Kiingereza, na hataki jina lake lihusishwe nayo. Harrison akarudi mezani, akachora upya kwa kufuata nyumba za mawe za vijiji vya vilima vya Cotswold, karibu na hapa. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha mambo, kisha wakajenga hiyo ramani ya pili. Nikisimama kando ya lile bwawa la ua wa chini huwa naona kwamba ile ndoto ya kwanza haikufutika yote.

Na katika miaka hiyohiyo, Mombasa, chini ya utawala wa Waingereza haohao, kulikuwa kunajengwa chuo kingine. Waliochanga ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa za Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Kiliitwa Mombasa Institute of Muslim Education, na wengi wenu mnakifahamu kwa jina lake la sasa, Technical University of Mombasa. Mliopita pale Tudor mmeyaona yale majengo ya zamani yenye kuba na matao. Huku Oxford tajiri alikataa sura ya nchi za Waarabu, kule Mombasa matao yakachaguliwa makusudi. Mimi naona sababu ni moja pande zote mbili: chuo kipya kilitaka kionekane kina babu. Jengo la mwaka 1949 linavaa nguo za karne ya 15 ili mwanafunzi anayeingia langoni aamini kwamba elimu anayoifuata ilikuwepo kabla yake na itaendelea baada yake. Sioni kosa katika hilo. Msikiti wa Kongo kule Diani, penye mlango wa Mto Mwachema, ulijengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na mtu akiswali mle anajua hakuanza yeye.

Kuna mtu mmoja wa pwani yetu aliyepita katika vyuo hivyo viwili, cha Mombasa na cha Oxford, na kila kijana wa Kwale angepaswa kujua habari zake. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwanawe angali kijana. Mazrui alipofanya mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Akapata kazi ndogo katika chuo hicho cha Mombasa chenye kuba. Akiwa pale alitoa hotuba ya Maulidi, Gavana wa kikoloni, Philip Mitchell, akaisikia, na hapo mlango wa kwenda Uingereza kusoma ukafunguka. Akapita Huddersfield, akapata digrii Manchester mwaka 1960, akaenda Columbia Marekani, kisha akaja hapa, Nuffield, akapata udaktari mwaka 1966. Makerere iliyomkataa alipokuwa mwanafunzi ndiyo iliyompa kiti cha uprofesa. Alifariki Marekani mwaka 2014, wakamrudisha Mombasa, na amelala kwenye makaburi ya Wamazrui jirani na Fort Jesus. Nikipita nje ya ule mnara namkumbuka yeye kabla sijamkumbuka mwenye magari.

Lakini mnara sicho kitu nilichotaka kuwaonyesha. Nataka tuende nyuma zaidi, kwenye chuo cha Merton, mwendo wa dakika chache tu kutoka Nuffield.

Merton ni cha mwaka 1264. Mwanzilishi wake, Walter de Merton, alikuwa mtu wa serikali ya mfalme na baadaye askofu. Hakuanza na jengo. Alianza na mashamba. Alichukua mashamba yake ya Malden na Farleigh, katika wilaya ya Surrey, akayatoa kabisa mikononi mwake, akaandika sheria kwamba mapato ya ardhi ile yatawalisha na kuwasomesha wanafunzi, siku zote. Majengo yalifuata polepole. Ua uitwao Mob Quad, ambao ni wa zamani kuliko karibu nyua zote za mji huu, ulikamilika katika karne ya 14, na ghorofani mwake mna maktaba iliyojengwa miaka ya 1370 na bado inatumika. Zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo, kwa kuwa kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono na kiligharimu mali nyingi.

Fikirini jambo hilo. Tangu mwaka 1264 wamepita wafalme, tauni, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na dini ya nchi ikabadilishwa kwa nguvu. Merton kipo. Kipo kwa sababu mwenye mashamba alikuwa chuo chenyewe. Mtu hufa, mali yake ikagawanywa kwa wana, wajukuu wakauza, vitukuu wakabaki na kesi. Chuo hakifi, hakina mjane wala mtoto wa kugombea shamba. Walimu wanakuja na kuondoka, wakuu wanazikwa, kodi ya shamba inaendelea kuingia.

Wala msidhani hii ni hekima ya Wazungu peke yao. Mwaka 1988 mwanasheria Monica Gaudiosi aliandika utafiti akionyesha jinsi sheria za mwanzo za Merton zinavyofanana na wakfu wa Kiislamu, hata akaona inawezekana kabisa kwamba wazo lilitoka huko. Sisi wa pwani wakfu tunaujua. Mombasa yako maduka na nyumba ambazo kodi yake ni ya msikiti, na serikali ina Tume ya Wakfu kwa ajili hiyo. Nasi Waduruma, bila kuandika karatasi, tulikuwa na kaya: msitu ambao hakuna mzee aliyeweza kuukata wala kuuuza, kwa kuwa haukuwa wake. Kaya za Mtswakara na Gandini zimesimama kwa sababu hiyo. Chombo tunacho tangu zamani. Hatujakitumia kwa shule.

Siwafichi na upande mwingine. Si kila mali iliyojenga mji huu ilikuwa safi. Chuo cha All Souls kina maktaba nzuri sana, iliyojengwa kwa wasia wa pauni 10,000 wa Christopher Codrington, aliyefariki mwaka 1710, mtu aliyetajirika kwa mashamba ya miwa na watumwa kule Barbados. Mwaka 2020 chuo kiliacha kuiita maktaba hiyo kwa jina lake, na mlangoni pana kibao cha kuwakumbuka watumwa wale. Watu wa Kwale, wenye mapango ya watumwa ya Shimoni, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nalitaja ili mjue kwamba mali inayowekwa kwa elimu ina historia, na sisi tuna bahati ya kuanza na ardhi ya baba zetu ambayo hatukumnyang'anya mtu.

Sasa nije nyumbani. Kaunti yetu ya Kwale imefanya jambo kubwa kwa mpango wake wa basari, Elimu ni Sasa. Nimekutana na vijana waliosomeshwa na mpango huo, na sitakubali mtu audharau. Lakini basari ni pesa ya bajeti ya mwaka. Gavana akibadilika, au Nairobi ikichelewesha mgao, mtoto anarudishwa nyumbani. Angalieni pia titani. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Kwale kwa zaidi ya miaka kumi, na mwezi Desemba 2024 uchimbaji ukasimama. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii, na asilimia 20 ya kaunti. Mchanga ukishakwenda haurudi. Pesa iliyolipwa kwa ajili yake ikiliwa mwaka huohuo, mjukuu atabaki na shimo. Ikiwekwa chini ya wadhamini, isiguswe ila faida yake, itasomesha wasiozaliwa bado. Wenzetu wa Msambweni waliangalie hilo.

Sisi wa Taru titani hatuna. Tuna jiwe, na tuna ardhi. Malori yanapita kila siku na mawe ya Mazeras kwenda kupamba kuta na sakafu za watu wa Nairobi, na mwamba wa jamii hiyohiyo unatuanzia miguuni. Ngurunga zetu, yale mashimo ya maji kwenye mwamba, ziliinywesha misafara ya pembe kabla ya reli kufika. Na barabara kuu, reli na bomba la mafuta vyote vinapita kwetu, kwa hiyo bei ya ardhi itapanda. Ndiyo maana wanunuzi wanakuja na magari ya vioo vyeusi kabla hata hamjamaliza kugawana.

Ninaloomba ni hili. Kabla mpima ardhi hajaweka bikoni, tengeni ekari za shule. Nazungumzia ardhi ya maana, iliyo kando ya barabara, inayoweza kukodishwa kwa maegesho ya malori, ghala, kituo cha mafuta au ufugaji. Iandikisheni kwa jina la wadhamini, wanawake wawemo kati yao, na karatasi iseme wazi kwamba haiuzwi wala haiwekwi rehani, na kwamba kodi yake ni ya karo ya watoto wa Taru, kuanzia wale wa ufundi mpaka wa vyuo vikuu. Tafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe wa mnunuzi. Hesabu isomwe barazani kila mwaka mbele ya watu wote. Mkipata jengo baadaye, heri, na mafundi wetu walijenge kwa jiwe letu na sura tuipendayo sisi. Msianze na jengo. Tumeona vyumba vingi vya madarasa vimefunguliwa kwa utepe, na mwaka wa pili havina mwalimu wala chaki.

Watu wa ughaibuni hatutakaa nje ya jambo hili. Tuliopo Uingereza, Ghuba na Marekani tunatuma pesa za harusi, matanga na hospitali, na tutaendelea. Mkiandikisha ekari hizo, nitakuwa wa kwanza kulipia ada ya wakili na ya mpima, na nitawasaka wenzangu mmoja mmoja mpaka wachange. Lakini mimi siwezi kutoa ardhi ya ranchi. Mwenye uwezo huo ni ninyi wanahisa. Kwenye mkutano mkuu ujao, kabla ajenda ya ugawaji haijafunguliwa, mmoja wenu asimame aliweke jambo hili mezani, na jina la aliyeunga mkono liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ni mimi ndugu yenu,
mtoto wa Taru, Oxford