Pointi za duka, matabishi ya depo na vakansi ya watoto



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza mkutano, mwenzetu mmoja alitusikilizisha sauti iliyoingia kwenye WhatsApp yake. Ilitoka kwa mdogo wake anayeishi Uingereza. Alisema: "Yaya, mwaka huu watoto wamefika bahari. Tumelala siku nne, na nyumba tuliyolala tumeilipa kwa pointi za duka tunaponunua chakula." Tulicheka, tukapiga makofi, na wengine wakaomba sauti irudiwe. Ununue mchele na sukari, kisha duka likupeleke vakansi!

Hapo mama mmoja akakumbusha kwamba kuna depo Beni mjini inayogawa kadi: ukinunua karto 10 za sabuni, karto ya 11 ni ya bure. Akashauri tuchukue kadi, tukusanye karto za bure, nazo zipeleke watoto wetu Butembo mwezi wa saba. Jambo hilo tutaliamua siku ya posho hii. Waliokuwa nasi miaka mitatu iliyopita wanajua kwa nini wengine wetu tulinyamaza. Walioingia karibuni hawajui. Ndiyo maana tumeona vema kueleza yote hapa, kabla ya kunyoosha mikono.

Tuanze na bahari ya Uingereza. Kule duka kubwa la Tesco lilianzisha kadi yake, Clubcard, mwaka 1995. Kila pauni 1 unayotumia kwa chakula inakupa pointi 1. Pointi 150 zinageuka vocha ya pauni 1 na nusu. Vocha hiyo ukiipeleka kwa makampuni ya safari na matembezi yanayoshirikiana na duka, thamani yake inakuwa mara mbili.

Sasa tupige hesabu kama watoto wa darasa la tano. Tuseme nyumba ya vakansi ni pauni 200. Zinatakiwa vocha za pauni 100, yaani pointi 10.000. Na pointi 10.000 ni chakula cha pauni 10.000. Maana yake, kwa kila pauni 100 ambazo mama yule aliacha dukani, duka limemrudishia 2. Hilo si jambo baya. Chakula angekinunua vile vile, na hizo 2 ni bora kuliko sifuri. Lakini duka halikumpa bahari. Bahari aliilipa mwenyewe, kidogo kidogo, kila mara alipopita penye mashine ya kulipia.

Kuna jambo la pili. Hadi mwezi wa sita mwaka 2023, vocha hizo zilikuwa zinazidishwa mara tatu kwa makampuni hayo. Kisha duka likaamua iwe mara mbili. Aliyekuwa anapanga safari yake kwa hesabu ya tatu ilimbidi kuipanga upya. Mwenye pointi hakai kwenye kikao ambacho thamani ya pointi inaamuliwa.

Karibu nasi zaidi kuna mfano mchungu kuliko huo. Wafanyabiashara wetu wanaopitia Kasindi kwenda Kampala walilijua duka la Nakumatt. Lilianza Kenya kama biashara ya magodoro mjini Nakuru, na jina lake lilitoka hapo. Likakua mpaka likawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, nalo lilikuwa na kadi ya pointi. Mwaka 2017 lilishindwa kuwalipa waliokuwa wakilileteza vitu. Rafu zikabaki tupu, matawi yakafungwa moja baada ya lingine, na mwezi wa kwanza mwaka 2020 waliokuwa wakilidai wakapiga kura lifungwe kabisa. Pointi ina maana pale tu mahali pa kuitumia papo. Mlango ukifungwa, kadi inabaki kipande cha plastiki.

Sasa turudi Mangina. Hapa kwetu hakuna duka la mashine na pointi, lakini matabishi tunayajua tangu utoto. Ukinunua viazi, muuzaji anakuongezea viwili. Mama wa mawese anamimina kidogo juu ya kipimo. Kadi ya depo ni matabishi yale yale, ila haya unayangojea. Muuza viazi anakupa nyongeza yako papo hapo, unaiona, unaiweka ndani ya kikapu. Depo inakupa muhuri juu ya karatasi na kukuambia: ngoja.

Miaka mitatu iliyopita tulingoja. Tulikuwa wamama 12, tukachukua kadi kwenye depo ambayo hatutaitaja. Kuanzia mwezi wa kumi tulinunua sabuni zote pale, za nyumbani na za kuuza sokoni. Mwezi wa sita tulikuwa tumejaza kadi tano. Hatukuchukua karto za bure kila kadi ilipojaa. Tuliona ni vizuri zaidi kuzichukua zote pamoja, tuziuze, tulipe usafiri wa watoto. Kadi zilikaa ndani ya kisanduku chetu cha AVEC kama vile ni pesa. Na watoto tulikwisha kuwaambia.

Tulipofika kuchukua, depo ilikuwa imebadilisha mwenyewe. Kijana aliyekaa kwenye meza alitupokea kwa heshima, akaangalia kadi zetu, akasema zile ni za yule wa zamani. Hakutukana, na kwa upande wake hakudanganya. Tulipanda pikipiki, tukarudi na kadi zetu tano.

Hasara ya karto tano za sabuni tungeimeza. Iliyotuuma ni ile ya nyumbani. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka tisa, alikuwa amekunja nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki tangu siku tatu, na kila asubuhi alikuwa akizikunja upya. Tulimwambia: "Mwaka kesho." Hakulia. Alirudisha nguo kwenye kamba. Watoto wa hapa wamezoea sana neno hilo. Mwaka 2018 dunia ilisikia jina la Mangina kwa sababu ya Ebola, na tangu kabla ya hapo hata baada yake wanasikia habari za vita na kukimbia. Wamejifunza kunawa mikono na kukaa tayari na mzigo. Safari ambayo mtu anakwenda kwa furaha na kurudi kwa furaha, wengi wao walikuwa hawajaiona.

Baada ya kununa majuma mawili tulikaa, tukapiga hesabu ambayo tungeipiga mwanzoni. Karto moja ya sabuni kwenye depo ya kadi ilikuwa 20.000 franka. Depo ya jirani, isiyo na kadi, iliuza 18.500. Karto 11 kwa jirani zingetugharimu 203.500. Kwenye depo ya kadi tulilipa karto 10, yaani 200.000, ili tupate 11. Basi faida yetu ya kweli kwa kila kadi ilikuwa 3.500 franka, wala si 20.000 kama tulivyofikiri. Tulinunua miezi tisa kwa bei ya juu tukingojea 3.500, na hata hizo hatukuzipata. Wazee walikwisha kusema: rahisi ni ghali.

Mwaka uliofuata tulifanya kwa namna nyingine. Wengi wenu mnajua jinsi AVEC inavyofanya kazi. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, na walioanza walikuwa wanawake wa vijijini kama sisi: kikundi kidogo, kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa kila mkutano, na mgawanyo mwisho wa mwaka. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa msaada, wa ugonjwa na kilio, ambao hauchanganywi na hisa. Tuliongeza mfuko wa tatu, wa kitambaa cha kijani, kwa ajili ya vakansi tu. Kila mama aliweka 1.000 franka kwa juma. Wamama 12 ni 12.000. Kwa majuma 36, kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa sita, ilifika 432.000.

Matabishi hatukuyakataa. Tulinunua sabuni pamoja, mahali penye bei nzuri, na tuliomba nyongeza pale pale, bila kadi. Mtu anayenunua karto 10 mara moja ana sauti ya kuomba. Katika mwaka mzima tulipata karto sita za nyongeza. Kila moja tuliiuza juma lile lile kwa 18.000, pesa ikaingia kwenye mfuko wa kijani: 108.000. Jumla ikawa 540.000.

Angalieni vizuri hesabu hiyo. Matabishi yalitoa sehemu moja ya tano. Sehemu nne za tano zilitoka kwenye mikono yetu wenyewe, franka 1.000 kwa 1.000.

Mama mmoja alikataa kuingia. Alisema vakansi ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba ana wawili sekondari, ambako minervali bado inalipwa hata kama shule ya msingi ni ya bure tangu mwaka 2019. Hatukumlazimisha, na katika jambo moja alitusaidia: kwa sababu yake tuliandika sheria kwamba mama mwenye deni la shule au la dawa anasimamisha 1.000 yake bila haya, na mtoto wake hafutwi kwenye orodha. Wawili walisimamisha mwaka ule. Watoto wao walikwenda.

Mwezi wa saba mwaka jana, baada ya kuuliza habari za barabara siku tatu mfululizo, watoto 12 na wamama wawili walitoka hapa asubuhi, wakapita Beni, wakafika Butembo. Walilala usiku nne kwa bibi na shangazi, watoto wawili au watatu kwa kila nyumba. Hoteli haikuwamo katika hesabu. Tulilipa usafiri, tukawapa wenyeji mchele, mafuta na sukari ili wageni wasiwe mzigo.

Butembo iko juu kuliko kwetu na ina baridi. Watoto walishangaa kuvaa sweta saa sita mchana. Walizunguka soko, waliona maduka ya ghorofa, na wakubwa walielezwa kwamba mstari wa ikweta, ule wanaouchora shuleni, unapita kusini kidogo mwa mji huo. Siku nzima walibishana kama mtu anaweza kuuona. Yule wa kike wa mfuko wa plastiki, sasa ana miaka kumi, alirudi na jambo moja tu la kusimulia: usiku, alilala mpaka asubuhi.

Basi, kwa siku ya posho hii, tunaomba tuingie mkutanoni na maswali haya.

Kwanza, bei ya depo yenye kadi ni ngapi, na ya jirani yake ni ngapi? Tusiangalie karto ya bure kabla ya kujumlisha karto 11 za pande zote mbili.

Pili, depo itakubali kutupa nyongeza siku ile ile kadi inapojaa? Ikikubali na bei iwe sawa, tuchukue kadi. Ikisema tungoje mwisho wa mwaka, tuwaachie.

Tatu, kadi ikijaa, nani anakwenda kuchukua, na karto inauzwa lini? Kadi iliyojaa isilale ndani ya kisanduku. Kisanduku ni cha pesa.

Nne, mfuko wa kijani unaendelea au hauendelei? Kadi ikija au isije, hilo ndilo swali lenyewe. Bila 1.000 zetu, karto za bure zitafikisha watoto Beni, na kutoka hapo watatembea kwa miguu.

Tano, watoto tutawaambia lini? Sisi tunapendekeza tuwaambie pesa ya usafiri ikiwa imetimia ndani ya mfuko, imehesabiwa mbele ya wote. Siyo siku moja kabla.

Kwa mdogo wetu wa Uingereza tumetuma salamu na pongezi. Amepiga hesabu zake na watoto wamefika bahari. Yeye naye alituma sauti nyingine, akauliza Butembo kukoje siku hizi. Alitoka hapa akiwa mdogo, na watoto wake hawajaiona.

Mkutano ni saa nane, mahali pa kawaida. Mwenye daftari la mfuko wa kijani asilisahau nyumbani.