Jina la Kanu Liandikwe Pamoja na Kijiji Chake

Ngozi ya kanu inayohifadhiwa makumbusho huambatana na lebo ndogo iliyofungwa kwa uzi. Huandikwa humo mahali alipopatikana, tarehe, jinsia, vipimo vya mwili, mkia, wayo na sikio, pamoja na jina la aliyemkusanya. Kumbukumbu nyingi za namna hiyo sasa zimo kwenye intaneti, na mtu aliyeko Kasulu aweza kuzisoma kwa simu yake. Jina la mnyama ni la Kilatini. Vile alivyoitwa na mwenyeji aliyemnasa, mara nyingi hakukuandikwa, na hapo ndipo sisi wa lugha tunapohusika.

Kanu ana madoa ubavuni na mapete mkiani, hutembea usiku, na wafuga kuku wanamjua. Si paka, ijapokuwa watu humwita hivyo. Katika mazungumzo yetu kanu, fungo na ngawa huchanganywa ovyo, na hata katika utunzi nahofia kwamba kina huamua mnyama kuliko macho. Zabadi ya wauza manukato ilitoka kwa fungo, kanu hahusiki.

Wapo watakaosema kwamba majina ya Kiha hayakihusu Kiswahili. Siafikiani nao. Kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe, alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005 kwa ushahidi wa picha. Mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, akachunguzwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, Rungwecebus. Jina kipunji lilikuwa vinywani mwa wenyeji kabla ya yote hayo. Leo ni neno la sayansi, na ni letu pia.

Basi tuyakusanye majina ya Buha kwa nidhamu ya lebo: neno, kijiji, tarehe, umri wa msemaji na asili yake. Asili ina uzito mkubwa huku kwetu. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu, na Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Neno lililosikika sokoni karibu na Nduta huenda lilivuka mpaka juzi tu. Orodha isiyosema lilitoka kwa nani haitamsaidia mtunga kamusi, kama vile ngozi isiyo na lebo isivyomfaa mtaalamu wa wanyama.

Wa kuanza nao ni wazee waliowahi kutega, kabla mashamba hayajamaliza vichaka na wao wenyewe hawajatutoka. Mwonyeshe mzee picha, kisha unyamaze. Usimtangulizie neno la Kiswahili, maana Muha mwenye adabu hatampinga mgeni. Ataitikia jina lolote utakalomletea, nawe utaondoka na neno lako mwenyewe ukidhani ni lake.